Grand Theft Auto IV: Mchezo tulioulaani kabla ya kuutazama

MWAKA 2010 nilisimama juu ya mimbari ya msikiti wa mtaani kwetu nikauzungumzia kwa ukali mchezo wa video ambao sikuwa nimeuona hata kwa dakika moja. Nilisema unafundisha wizi wa magari, unafundisha kuua, na kwamba mzazi anayemwachia mwanawe kuucheza amemkabidhi mikononi mwa majambazi. Baada ya swala kijana mmoja wa miaka 17, mwanafunzi wangu wa darsa za Jumamosi, alinisubiri penye viatu.

"Shehe, huo mchezo umepata kuutazama?" aliniuliza kwa adabu, macho chini.

Nikamjibu kwamba mtu hahitaji kuinywa sumu ndipo ajue kuwa ni sumu. Hakubishana nami. Alivaa ndala zake akaenda zake, na darsani hakurudi tena.

Ndugu msomaji, jibu lile limenisumbua kwa miaka mingi, kwa kuwa kosa lake nililijua siku ileile. Sisi tuliokalia mikeka ya madrasa, kisha tukakalia madawati ya chuo kikuu, tulifundishwa na walimu wetu wa usuli kwamba kukihukumu kitu hutanguliwa na kukifahamu. Mimi niliuhukumu mchezo wa Grand Theft Auto IV kwa jina lake tu, ambalo katika Kiingereza cha Marekani ni jina la kosa la kuiba gari. Basi katika likizo iliyopita mpwa wangu, ambaye anasoma chuo na anaishi nyumbani kwangu, alipoufungua mchezo huo wa zamani katika kompyuta yake, nilivuta kiti nikaketi kando yake. Tuliketi hivyo kila usiku baada ya Isha, kwa zaidi ya mwezi mmoja, hadi kisa kikaisha. Yeye alicheza, mimi nilitazama na kuuliza maswali.

Kwanza tuueleze ukubwa wa jambo lenyewe, kwani wazazi wengi hudhani haya ni mambo ya vibanda vya uchochoroni. Mchezo huu ulitengenezwa na Rockstar North, kampuni yenye makao yake Edinburgh huko Scotland. Ulitarajiwa kutoka Oktoba 2007, ukaahirishwa, na dunia ikausubiri kwa shauku mpaka tarehe 29 Aprili 2008. Katika wiki ya kwanza ziliuzwa nakala milioni 6, zenye thamani ya dola milioni 500. Wahakiki waliumwagia sifa ambazo ni nadra kumwagiwa mchezo wowote. Metacritic, tovuti inayozikusanya alama zao, ilionyesha wastani wa 98 kati ya 100. Walalamikaji nao hawakukosekana. Mjini Chicago mamlaka ya usafiri iliyaondoa matangazo ya mchezo huo, na wachapishaji wakakimbilia mahakamani. Chama cha akina mama wa Marekani wanaopinga ulevi barabarani kilikemea kwamba humo mchezaji anaweza kushika usukani akiwa amelewa. Nilipomaliza kuutazama niliona kwamba waliosifu na waliolaumu, kila upande ulishika kipande cha kweli.

Kisa chenyewe ni hiki. Niko Bellic ni askari wa zamani kutoka Ulaya Mashariki, aliyeingizwa vitani angali kijana. Anashuka melini katika Liberty City, mji wa kubuni uliochongwa kwa sura ya New York. Kilichomleta ni barua za binamu yake, Roman, ambaye kwa miaka amekuwa akimwandikia habari za jumba lake la fahari, magari yake na utajiri wake. Roman anakuja kumpokea bandarini akiwa amelewa chakari. Jumba linageuka kuwa chumba chakavu chenye mende, utajiri ni ofisi ndogo ya teksi, na kitu pekee alicho nacho kwa wingi ni madeni ya kamari.

Hapo nilimwomba mpwa wangu asimamishe kidogo. Barua kama zile nami nimezisoma. Binamu yangu mmoja aliyekwenda Uingereza alituandikia kwa miaka sita kuhusu ofisi yake, akatutumia na picha ameegemea magari. Alipofariki ndipo tulipojua kwamba ofisi ile alikuwa akiifagia. Hakutaka kumdhulumu yeyote. Alikuwa akiona haya mbele ya mama yake. Sikutarajia hata siku moja kwamba mchezo niliouita wa majambazi ungenikumbusha marehemu huyo, nikamwombea dua nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta.

Ama mji wenyewe, hapana budi tuseme haki: ni kazi ya ajabu. Mvua ikianza, wapita njia wanafungua miavuli. Mtu unayempita anazungumza na simu yake, mwingine anamtukana dereva aliyemkanyagia dimbwi. Kuna vituo vingi vya redio, kuna televisheni yenye vipindi vyake, na taarifa za habari za humo zinaitania Marekani yenyewe kwa ukali ambao sikuutegemea. Mwanzoni mwa kisa madaraja ya kwenda sehemu nyingine za mji yamefungwa kwa kisingizio cha tishio la ugaidi. Nilicheka, kwani waandishi wanakejeli hofu ileile ambayo baada ya Septemba 2001 iliwasumbua Waislamu wengi katika viwanja vya ndege. Usiku mmoja mpwa wangu alinipeleka kwa helikopta hadi juu ya sanamu inayofanana na ile ya Uhuru, ambayo humo inaitwa sanamu ya Furaha na mkononi imeshika kikombe cha kahawa. Kwa juu kuna mlango. Tuliingia. Ndani umening'inia moyo mkubwa unaodunda, umefungwa minyororo. Hakuna anayekuelekeza kwenda huko wala malipo kwa aliyefika.

Sasa tuje kwenye karaha zake, na karaha hizo ni nyingi.

Kazi anazopewa Niko, ambazo vijana huziita misheni, hazina kituo cha katikati. Ukishindwa hatua ya mwisho unarudi mwanzo kabisa, pamoja na ile safari ndefu ya gari ya kufika mahali pa kazi. Kuna wizi mmoja wa benki ambao vijana wanauhesabu kuwa kilele cha mchezo: majambazi wanatoka na fedha, wanapigana na polisi mtaa kwa mtaa, wanashuka katika njia za treni za chini ya ardhi. Mpwa wangu aliurudia mara tano. Mara ya kwanza moyo ulinidunda. Mara ya tano nilikuwa nasinzia. Magari yake ni mazito, yanayumba kwenye kona kama jahazi lililopakiwa vibaya, ingawa yeye anasema baada ya kuzoea aliyapenda. Na toleo la kompyuta lililotoka Desemba 2008 lililalamikiwa sana kwa kukwamakwama hata katika mashine zenye nguvu.

Kisha kuna simu. Niko anamfukuza mtu kwa gari, risasi zinalia, na simu inaita: ni Roman, anataka waende kuangusha vigingi kwa tufe. Ukikataa, kiwango cha urafiki kinashuka. Ukikubali, unayaacha yote ukamchukue. Kwetu kuunga undugu ni ibada, lakini nakiri kwamba kufikia wiki ya pili hata mimi nilimwambia mpwa wangu aizime ile simu. Kinachoudhi zaidi ni kwamba urafiki umefanywa daftari la hesabu: mridhishe Roman vya kutosha, atakuletea teksi ya bure, mridhishe Jacob, Mjamaika yule, atakuletea bunduki kwa bei nafuu.

Hizo zote ni karaha za mkono. Iliyonikera mimi ni nyingine. Katika mazungumzo ya kisa Niko ni mtu aliyeelemewa. Anasimulia aliyoyaona vitani, watoto waliouawa, na anajiuliza iwapo mtu aliyefanya aliyoyafanya yeye bado ana roho. Anasema amechoka kuua. Maneno yake yameandikwa vizuri, wala siyadharau. Kisha mazungumzo yanakwisha, mchezaji anashika usukani, na Niko yuleyule anapanda juu ya kibaraza cha wapita njia, anawagonga watatu, anamvuta mwanamke nje ya gari lake, na adhabu yake ni nyota mbili za polisi. Polisi wanachora duara kwenye ramani. Ukitoka nje ya duara hilo bila kuonekana, nyota zinafutika na dhambi zimekwisha. Wala hao waliokufa hawatajwi tena. Asubuhi yake Niko analia tena juu ya waliokufa vitani.

Nilimwuliza mpwa wangu haoni kwamba hapa kuna watu wawili wenye jina moja. Akasema, "Mjomba, kila mtu analiona hilo. Ndiyo maana tunaruka mazungumzo." Jibu hilo lilinihuzunisha kuliko mauaji ya mchezo mzima. Mwandishi ameandika riwaya ya majuto, mafundi wamejenga uwanja wa kufanyia fujo, na vitu hivyo viwili vimepangishwa katika nyumba moja bila kujuana. Riwaya humlazimisha msomaji amfuate mhusika. Hapa msomaji ndiye anayemshika mhusika mkono na kumwongoza kwenye lile ambalo dakika moja iliyopita alilijutia.

Hata hivyo nilikosea niliposema mimbarini kwamba mchezo huu unafundisha kuwa uhalifu una faida. Fedha za Niko zinajaa, lakini hakuna la maana la kununua. Nyumba haziuzwi, biashara haziuzwi, utanunua nguo na silaha tu. Wachezaji wameilalamikia sana dosari hiyo. Mimi naona kwamba, kwa makusudi au kwa bahati, ndiyo sehemu iliyosema kweli. Na mwishoni anapewa njia mbili: kushika fedha kwa kupatana na msaliti wake, au kulipa kisasi. Akishika fedha, Roman anauawa siku ya harusi yake. Akilipa kisasi, anayeuawa siku hiyohiyo ni Kate McReary, mwanamke aliyempenda. Hakuna mlango wa tatu.

Wazazi wanaoniuliza kama mtoto anafaa kuucheza, jibu langu halijabadilika. Uingereza umewekewa umri wa miaka 18 na Marekani miaka 17, na wenyewe waliouweka si masheikh. Kuna matusi, kuna kumbi za wanawake wa kucheza uchi, kuna malaya barabarani. Ndugu yake wa mwaka 2013, GTA V, uliovuna dola bilioni moja kwa siku tatu, umeongeza vituo vya katikati ya kazi na kupunguza zile simu. Majuto ya Niko nayo hayamo. Kuhusu GTA VI, ambao tangazo lake la kwanza la video lilitoka Desemba 2023 na tarehe yake ikasogezwa zaidi ya mara moja, nawaomba masheikh wenzangu wautazame kwanza.

Nirudi kwa Darko. Huyu ndiye aliyewasaliti wenzake wa kikosi kimoja na Niko, vijana wa kijiji kimoja, kwa dola 1,000. Wengi wao wakauawa. Niko alivuka bahari akimtafuta. Anapoletwa hatimaye ni mtu aliyekongoroka, mateka wa dawa za kulevya, hata kusimama anasimama kwa shida. Roman yupo kando, anamsihi binamu yake aachane naye. Mchezo unanyamaza. Bastola i mkononi, na hakuna anayekwambia la kufanya.

Mpwa wangu alikiweka chini kile kidude chenye vitufe. "Mjomba, nifanyeje?"

Nilimweleza kwamba katika sheria yetu walii wa aliyeuawa amepewa haki ya kudai kisasi, na amewekewa wazi mlango wa kusamehe. Lakini kisasi hupitia kwa kadhi, baada ya ushahidi, na hapa hapana kadhi, pana mtu mwenye hasira na silaha. "Mwache," nikasema. Akamwacha. Tukaondoka na Roman garini, na nilikuwa na furaha ambayo sitaki kuificha. Kabla hatujafika mbali, kwenye kona, gari likateleza kama kawaida yake, likamkumba mzee mmoja aliyekuwa akitembea pembeni. Roman alipiga kelele kidogo. Mzee alibaki pale lami, na sisi tukaendelea na safari.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule kijana wa mwaka 2010. Siku hizi ana duka la simu na watoto wawili. Nilimwambia kwamba nimeutazama mchezo ule tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba jibu nililompa siku ile halikuwa jibu. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai. Alikuwa akiucheza kwa rafiki yake, akaniambia, ambaye baba yake alimletea mashine kutoka Dubai. Na siku ile penye viatu alitaka kuniuliza jambo moja tu.

"Jambo gani?"

"Darko. Nyie mlimwua, shehe?"

"Tulimwacha."

Alikoroga chai yake kitambo. "Mimi nilimwua," akasema. "Usiku uleule sikulala. Ndipo Ijumaa nikaja msikitini."