Mashua ya mchezo na hekima ya fundi wa majahazi

Mtoto wa pwani ambaye hajapata kuchonga kandambili kuukuu, akaitia kijiti na tanga la karatasi ya nailoni, ikawa jahazi, huyo bila shaka alilelewa bara. Sisi wa Tudor, Mombasa, tulikuwa tukiziachia mashua zetu za kandambili maji yakijaa, kisha tukazifuata ufuoni kwa vigelegele. Kasoro yake ilikuwa moja tu: mashua ikishatoka mkononi, bwana wake ni upepo.

Kumbe kasoro hiyo ilikwisha kupata dawa zamani. Mwaka 1898, Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo iliyokuwa ikienda na kugeuka kwa amri ya mawimbi ya redio, bila waya wala mtu ndani. Mashua za mbio zichezwazo leo ni wajukuu wa mashua ile. Ndani mna mota ya umeme, betri, kipokezi cha redio na kijimashine cha kugeuza usukani; mchezaji husimama ufuoni na rimoti mkononi.

Mimi niliuingia mchezo huu baada ya kustaafu ukarani, kwa sababu nilimwahidi mjukuu wangu mashua ya mbio. Vyombo vya umeme tulivinunua, lakini bodi nikasema nitaiunda mwenyewe. Kwani mimi si mpwa wa fundi? Mjomba wangu ni mzaliwa wa Matondoni, kisiwani Lamu, kijiji kinachosifika kwa kuunda majahazi. Sasa ana umri wa miaka 84, anaishi nasi, na macho yake hayaoni ila mwanga. Tezo lake limelala mvunguni miaka mingi, maana wanawe wote walichagua kazi nyingine. Nami sikumwuliza lolote. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza.

Mashua ya kwanza niliichonga kwa mvule, kwa kuwa nilijua mvule hauozi upesi. Mezani ilipendeza. Majini ilikaa kama jiwe: mota ikanguruma, omo likalima maji, na mashua ya kijana wa jirani ikatupita mara mbili. Jahazi hutaka uzito wa kulituliza chini ya tanga. Mashua ya mbio sivyo. Ikipata kasi huinuka na kuteleza juu ya maji, na kila gramu ya ziada huirudisha chini.

Basi nikakimbilia upande wa pili. Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, na ubao wake ni mwepesi mno: mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 160 hivi, ilhali mvule hupita kilo 500. Hukatika kwa kisu cha kawaida. Lo, mashua hiyo ilikwenda! Mjukuu wangu akarukaruka kwa furaha. Mzunguko wa tatu ikagonga kifuu cha nazi kilichokuwa kikielea. Ubao ukatoboka kama mkate, na kwa vile nilikuwa nimepaka rangi nje tu na kuacha ndani patupu, ukafyonza maji kama sifongo. Ikazama mbele ya macho yetu pamoja na mota, betri na akiba yangu ya miezi 3. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Babu, mbona hukumwuliza Babu Fundi?"

Usiku ule nikabisha hodi chumbani kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia umezamisha chombo."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza maswali matatu: chombo chako kitapita maji gani, kitabeba nini, na kitagonga nini? "Ubao hauchaguliwi kwa sifa, mwanangu," akasema. "Mkuku wataka mti ulionyooka, taruma lataka mti uliopinda wenyewe porini. Wewe umeuliza mti upi ni bora. Hukuuliza ni bora kwa kazi gani."

Tukaanza upya, yeye kwa mdomo na mimi kwa mikono. Mataruma tuliyakata kwa plaiwudi ya milimita 3, na ngozi ya nje kwa plaiwudi ya milimita 1.5. Juu yake nikatandaza kitambaa chembamba cha faibaglasi na kukilowesha kwa gundi ya epoksi. Ndani nako nikapaka epoksi kila pembe, ubao usinywe maji. Mjomba akasema, "Hiyo ndiyo deheni yenu."

Msomaji atakayejaribu na akumbuke kwamba nguvu ya faiba imo katika kitambaa. Gundi ikizidi huongeza uzito bure, kwa hiyo iliyobaki juu ipanguse. Gundi ya poliesta ni rahisi kwa bei, lakini harufu yake ni kali na huyeyusha lile povu jeupe la plastiki ambalo wengi hulijaza ndani ili mashua isizame. Aidha, joto la Mombasa hugandisha gundi hizi upesi. Changanya kidogo kidogo, asubuhi, mahali penye hewa, na uvae glavu.

Bodi ya faiba tupu ni nzuri pia, ila hutaka kalibu, nayo kalibu humfaa anayeunda mashua nyingi za namna moja. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na ngumu kupita zote, lakini ni ghali, tena huzuia mawimbi ya redio. Yule kijana wa jirani alijipatia bodi ya kaboni, akaificha eriali ndani. Mashua ikaacha kusikia amri ikiwa mbali, ikaenda kujifia kwenye mikoko. Eriali ilipotolewa nje, ikatii.

Kabla ya kupaka rangi nilimpa mjomba bodi aipapase. Vidole vyake vikatoka omo mpaka tezi, vikarudi, vikasimama. "Hapa karibu na tezi pana bonde," akasema. Macho yangu hayakuona kitu. Nikaweka rula: kweli, milimita 2. Bonde la namna hiyo huinua tezi na kuinamisha omo, mashua ikakataa kukimbia hata ikiwa nyepesi. Nikaliziba na kulipiga msasa mpaka vidole vyake vikaridhika.

Wala si ajabu ujuzi wa jahazi kufaa katika vitu vigeni. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa takataka za plastiki na kuvishwa vipande vya kandambili zilizookotwa. Mwaka 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Kilichobadilika ni ubao tu. Mikono ilikuwa ile ile.

Siku ya mashindano yetu mjomba alikaa ufuoni kwenye kiti, akisikiliza. "Sasa imepanda juu ya maji," akasema, na ilikuwa kweli, kwa kuwa sauti ya mota ilikuwa imepanda. Ikagonga kijiti, ikaruka, ikaendelea. Tulikuwa wa pili. Yule kijana wa kaboni alitushinda, nasi tukampa mkono.

Nyumbani tuliiosha mashua kwa maji baridi, maana chumvi hula chuma. Nilipogeuka kumtafuta mjukuu wangu sikumwona. Alikuwa chumbani kwa Babu Fundi. Amelivuta lile tezo kutoka mvunguni, na mzee amemshika mikono, anamwonyesha linavyoshikwa.

Tezi na omo hurejea ngamani. Msomaji, kama nyumbani kwako mna mzee mwenye ujuzi, mwulize leo, kabla mashua haijazama.