Mbao Zilizokwisha Kutumika na Samani za Bustani katika Nyanda za Juu Kusini

Nyololo Njia Panda, ambako barabara ya kwenda Igowole na Mgololo huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, iko katika Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, wilaya yenye Shamba la Miti la Sao Hill, ambalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini Tanzania na ambalo upandaji wake ulianza mwaka 1939. Wingi huo wa mbao umewafanya wengi waamini kwamba benchi la bustanini sharti litengenezwe kwa paini mpya, ilhali paini iliyotoka jana kwenye mashine ya kupasulia, ile iitwayo dingdong, ingali imejaa maji, na ikipigiliwa misumari kabla ya kukauka huendelea kunywea, hupinda, hupasuka na hatimaye hulegeza viungo vyote. Mbao zilizokaa miaka kumi katika paa au mlango zimekwisha kupita hatua hiyo. Kama zilikuwa za kupinda, zimekwisha kupinda, na fundi huiona kasoro yake kabla ya kununua.

Mbao kuukuu zilizo bora kabisa ni fremu na milango ya mninga inayong'olewa nyumba zinapobomolewa. Mninga, mti wa misitu ya miombo, una kiini kisicholiwa kwa urahisi na mchwa wala kuoza, na hubadilika umbo kidogo sana mvua na jua vinapopishana, sifa ambayo paini haina. Baada yake huja mbao za kumwagia zege pamoja na mirunda, yaani nguzo zinazoishikilia zege ya ghorofa mpaka ikauke, ambazo huuzwa kwa bei nafuu ujenzi unapokwisha. Hizo zinapaswa kusuguliwa kwa brashi ya waya kwanza, kwa kuwa saruji iliyoganda juu yake hulifuta makali jembe la randa kwa dakika chache. Mabanzi, yaani vipande vya pembeni vya gogo vinavyobaki na magome, hufaa kwa uzio na viti vya kienyeji, mradi magome yaondolewe, kwa maana wadudu hujificha chini yake.

Paleti, zile chaga za mbao zinazobebea mizigo, zinahitaji kusomwa kabla ya kuvunjwa. Zilizovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wa kanuni ya kimataifa ya mwaka 2002 ya kuzuia wadudu wa mimea: herufi HT humaanisha kwamba mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 za Selsiasi katikati yake kwa dakika 30 mfululizo, na MB humaanisha kwamba zilifukizwa kwa gesi ya sumu iitwayo methili bromidi. Za kwanza ndizo za kuchagua, lakini hata hizo ziachwe zikiwa na madoa ya mafuta au kemikali, kwa kuwa muhuri hausemi kitu kuhusu mzigo uliobebwa.

Onyo kubwa zaidi linahusu nguzo za umeme. Nguzo za milingoti hushindiliwa dawa kiwandani, na dawa inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki, unaoipa mbao rangi ya kijani. Dawa hiyo huizuia nguzo isioze ardhini, lakini arseniki ni sumu, na ndiyo sababu Marekani iliacha kuitumia katika mbao za majumbani tangu mwanzoni mwa mwaka 2004. Kwa hiyo kipande cha nguzo kuukuu kisifanywe meza ya kulia wala kiti cha mtoto, na mabaki yake yasitiwe jikoni kamwe, kwa maana sumu hubaki ndani ya majivu na nyingine hutoka na moshi.

Katika utengenezaji wenyewe, adui ni maji yanayotuama, na Mufindi, ambako mvua huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, humpa adui huyo muda mrefu. Mbao za kukalia ziachiane nafasi ya milimita 6 hadi 10 ili maji yapite. Miguu isimame juu ya matofali au mawe, kwa sababu ncha ya mbao hufyonza unyevu haraka kuliko ubavu wake. Na viungo vikazwe kwa bolti na washa au skrubu zilizopakwa zinki, kwani msumari mtupu hushika kutu na kuuozesha mwanya wake. Kiti kikiwa na kimo cha sentimita 40 hadi 45, watu wazima wengi hukaa miguu ikigusa chini. Misumari ya zamani itafutwe kwa sumaku kabla ya kupiga randa, na ile ya paleti ikatwe kwa msumeno wa chuma, kwa kuwa kuichokonoa kwa mtaimbo hupasua mbao.

Kazi hii haina sababu ya kudharauliwa kana kwamba ni ya wasio na uwezo. Mbunifu Gerrit Rietveld wa Uholanzi alitengeneza viti kwa mbao za makasha mwaka 1934, na katika pwani ya Afrika Mashariki mafundi hugeuza mbao za majahazi makuukuu kuwa meza na mabenchi ambayo wageni huyanunua kwa bei kubwa, alama za misumari zikiachwa makusudi.

Umalizio unaozoeleka, yaani kupaka oili chafu ya magari, unafaa kwa nguzo za uzio peke yake, kwani huchafua nguo na una metali zenye madhara kwa ngozi na kwa udongo wa mboga. Vanishi ya nje au rangi ya mafuta, ikipakwa mara mbili juu ya mbao zilizokauka na kurudiwa kila Oktoba, hulilinda benchi vya kutosha, na ncha za miguu zipakwe kwanza kabla ya sehemu nyingine yoyote.