Kutoka Faili Ghafi hadi Picha: Programu Mpya za Ubadilishaji na Uaminifu wa Data ya Mandhari-lugha katika Kata ya Themi, Arusha

1.0 Utangulizi

Watafiti wa mandhari-lugha hutumia picha za mabango, vibao vya maduka na maandishi ya ukutani kama data ya msingi. Katika Kata ya Themi, jijini Arusha, mwanga wa kupigia picha hizo hubadilika sana. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mawingu ya upande wa Mlima Meru hutanda kwa saa nyingi, na vibao vingine huwa chini ya vivuli vya miti na mapaa. Mwanga hafifu huzaa picha zenye chembechembe. Makala hii inafafanua utendaji wa programu zinazobadili faili ghafi za kamera kuwa picha, na inajenga hoja kwamba kizazi kipya cha programu hizo kinamlazimu mtafiti kubainisha jinsi picha zake zilivyochakatwa.

2.0 Faili Ghafi na Ubadilishaji Wake

Faili ghafi si picha, bali ni rekodi ya kiasi cha mwanga kilichopimwa na kihisio cha kamera. Katika kamera nyingi, kila kitone cha kihisio hupima rangi moja tu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Nusu ya vitone hupima kijani, robo nyekundu na robo buluu. Programu hukadiria rangi mbili zinazokosekana katika kila kitone kwa kuzingatia vitone jirani. Faili ghafi ya biti 14 huweza kubeba viwango 16,384 vya mwanga, ilhali picha ya kawaida ya JPEG ina viwango 256 kwa kila rangi. Kwa sababu hiyo, herufi iliyofifia kivulini huweza kusomeka kutoka katika faili ghafi hata pale ambapo JPEG imekwisha kuipoteza.

Ugumu mmojawapo ni kwamba watengenezaji wa kamera hutumia miundo tofauti. Dave Coffin alianza kuandika programu ya dcraw mwaka 1997 ili kuisoma miundo hiyo, na mwaka 2004 kampuni ya Adobe ilitangaza muundo wa wazi wa DNG. Hata hivyo, Canon ilipoleta muundo wa CR3 mwaka 2018, programu za awali zilihitaji kuboreshwa ili ziweze kuusoma. Leo darktable na RawTherapee hupatikana bila malipo, jambo lenye uzito kwa mwanafunzi asiye na ufadhili.

3.0 Kizazi Kipya: Kukadiria au Kubuni?

DeepPRIME ya kampuni ya DxO (2020) na zana ya Adobe ya kuondoa chembechembe (2023) zinaonesha mwelekeo wa programu zijazo. Zana hizi hutumia akili unde iliyofunzwa kwa picha nyingi. Matokeo yake hupendeza, lakini palipo na taarifa chache programu huweza kujaza umbo linaloelekea kuwa sahihi, ambalo kihisio hakikulipima.

Chukulia kibao kilichoandikwa *kalibu* badala ya *karibu*. Kwa mchambuzi wa tahajia na athari za matamshi, herufi hiyo moja ndiyo data yenyewe. Programu haijui Kiswahili; inachokitafuta ni kingo safi. Rangi ya herufi ikiwa imebanduka, kingo hizo zaweza kumpa msomaji uhakika ambao ukuta wenyewe haukuutoa.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Hoja hii haimzuii mtafiti kutumia programu mpya. Inapendekezwa kwamba faili ghafi ihifadhiwe bila kuguswa. Jina na toleo la programu vitajwe katika sura ya mbinu. Na kila herufi yenye utata ilinganishwe na picha iliyobadilishwa bila akili unde. Programu kama darktable hurahisisha kazi hiyo, kwani huandika marekebisho katika faili ya pembeni na kuiacha faili ya awali ilivyo. Faili zote mbili zikiwekwa pamoja na tasnifu, mtahini ataweza kupima mwenyewe kama herufi inayojadiliwa ilikuwapo ukutani au ilizaliwa katika kompyuta.