Kufundisha Kuenea kwa Saratani ya Mapafu

Neno "kuenea" lina hatari yake darasani. Mwanafunzi akisikia kwamba saratani ya mapafu imeenea, huweza kudhani kuwa inaambukiza kama kifua kikuu, akamwogopa babu yake mgonjwa. Sisi tunaofundisha hapa Tosamaganga, ambako wakati wa baridi jamaa huota moto wa kuni jikoni na kikohozi si jambo geni, yatupasa kuzitenganisha maana mbili za neno hilo: kuenea ndani ya mwili mmoja, na kuenea kutoka mtu hadi mtu. Saratani ya mapafu huenea kwa namna ya kwanza tu.

Huenea vipi? Maagizo ya kila seli yamo katika jeni zake. Nakala ya agizo hutolewa, ikapelekwa mahali protini zinapotengenezwa. Lakini si kila nakala huachwa isomwe. Mwaka 1993, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, kila mmoja na wenzake, walieleza jinsi kipande kifupi cha RNA katika mnyoo mdogo kinavyozuia agizo lisitekelezwe. Vipande hivyo huitwa maikroRNA. Ugunduzi huo ulipata Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Katika mapafu, maikroRNA za jamii ya miR-200 huzuia agizo la protini iitwayo ZEB1, ambayo huzifanya seli ziachane na jirani zake. MaikroRNA hizo zikipungua, seli za saratani hulegea, huingia katika damu, na huweza kuota upya katika ini, mifupa au ubongo. Hata hivyo, si maikroRNA zote zilizo walinzi: miR-21 huisaidia saratani kukua.

Wanafunzi wa madarasa ya juu hawahitaji majina hayo. Mwalimu afanye hivi:

1. Kundi moja lishikane mikono. Mwanafunzi mmoja aandike "Achaneni" katika karatasi, mwingine aipeleke kwa kundi.

2. Mwanafunzi wa tatu, mzuiaji, aichukue karatasi njiani. Kundi libaki limeshikana.

3. Mzuiaji aondolewe. Karatasi ifike, mikono iachane, na mmoja aende pembe nyingine ya darasa.

4. Mwalimu aulize: "Darasa ni mwili mmoja. Je, yupo aliyetoka nje?"

Jibu la swali hilo ndilo shabaha ya somo. Kisha mwalimu aeleze kwamba tumbaku ndiyo chanzo kikuu cha saratani hii, na kwamba anayekohoa kwa majuma mawili au zaidi apelekwe hospitali, kwa kuwa kikohozi peke yake hakitofautishi maradhi. Lakini mgonjwa ambaye daktari amethibitisha kuwa ana saratani tu, mjukuu wake na ampelekee uji, aketi naye bila hofu.