Fahamu: Upweke na uchovu wa anayejiajiri nyumbani

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa uchovu wa kazi si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa: nguvu huisha, kazi humchukiza mtu, ufanisi hushuka. Anayejiajiri nyumbani yumo hatarini zaidi ya anavyodhani. Mwandishi wa mtandaoni jijini Nairobi mwenye wateja Marekani huanza kazi majirani wakilala, naye hulala wao wakitoka. Siku nzima hajasalimiana na mtu. Upweke huo, naamini, hauondolewi na kuchati. Panga saa ya kuzima kompyuta na uwajulishe wateja. Mchana kale kibandani, penye watu. Usingizi ukikukimbia wiki kadhaa, muone daktari.