Gari lako linasikia baridi hapa Garissa, na ni wewe unayelipa

Kuna mzee fundi karibu na Soko Mugdi aliyenichekesha mwaka jana. Alikuwa ameinamia Probox yetu, injini inanguruma, mkono wake umeshika ule mpira wa juu wa rejeta.

"Kijana, hii gari inasikia baridi."

"Baridi gani, mzee? Na Garissa hii?"

Ilikuwa Machi, saa saba mchana. Unaijua Machi yetu: digrii 38, mbuzi wote wamejibana chini ya malori, hata mbwa habweki. Nilicheka. Mzee hakucheka. Aliniuliza nani alitoa themostati.

Kama unaendesha gari lolote dogo la Kijapani mjini hapa, iwe Probox, Vitz, Wish au Fielder, kaa nami kidogo. Kuna uwezekano mkubwa swali hilo linakuhusu na hujui.

Kwanza ujue kwa nini mimi huhesabu kila lita. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulitupitia kama ulivyowapitia wengine huku Kaskazini Mashariki, misimu mitano ya mvua ikifeli mfululizo. Mimi nilikuwa chuo mwaka wa pili, na karo yangu ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe walipokwisha, nikarudi nyumbani. Abti, ndugu yake mama, akauza ngamia wawili waliobaki, tukaongezea deni, tukanunua Probox ya mkono wa pili. Gari hilo moja ndilo linalolisha watu tisa. Dereva ni mimi, mhasibu ni mimi.

Sasa, themostati. Ni kidude kidogo cha chuma, kinatoshea kiganjani, kinachokaa pale maji ya rejeta yanapoingia kwenye injini. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ili maji yazunguke ndani tu, ipate joto haraka. Ikifika kama digrii 80 na kidogo, kinafungua njia ya rejeta. Kazi yake ndiyo hiyo tu.

Tatizo ni kwamba kikizeeka hukwama. Kikikwama kimefungwa, gari linachemka. Langu lilichemka mara mbili katika wiki moja, mara ya pili nikiwa na abiria wanne kati ya Ukasi na Bangale. Nilipofika mjini, kijana mmoja wa gereji akatoa themostati, akaitupa kwenye mchanga, akaniambia, "Boss, hii ni ya nchi za baridi. Huku kwetu haina kazi." Hakunilipisha hata senti. Nilimshukuru sana, walahi.

Na kweli gari likaacha kuchemka. Ndio maana uongo huu haufi, kwa sababu unaonekana kufanya kazi.

Lakini injini za kisasa zina kompyuta, na kompyuta hiyo ina kihisio cha joto ndani ya maji. Maji yakikimbia moja kwa moja hadi kwenye rejeta bila kizuizi, hayafiki joto linalotakiwa, hasa ukiwa barabarani upepo unapiga mbele. Kompyuta inaamini gari ndio kwanza limewashwa asubuhi. Inafanya nini? Inaongeza petroli. Kila safari, siku nzima, wewe unaendesha gari linalodhani liko Limuru. Oili nayo haipati joto la kukausha unyevu wake, kwa hiyo inachafuka mapema na injini inalika polepole.

Nina daftari. Kabla ya kuchemka, lita 20 zilikuwa zinanipeleka kilomita 300. Baada ya themostati kutolewa zikawa zinanipeleka 265. Mimi nikalaumu pampu ya mafuta, nikalaumu abiria wanaobeba mizigo, nikamlaumu hata binamu yangu aliyelitumia gari Jumapili. Fanya hesabu nami. Huwa natembea kama kilomita 150 kwa siku. Kwa lita 20 za kilomita 300, hizo ni lita 10. Kwa 265, ni lita 11.3. Tuchukue shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe rahisi: ni shilingi 234 kwa siku. Siku 26 za kazi, zaidi ya 6,000 kwa mwezi. Nilikaa hivyo miezi saba. Dooh. Elfu arubaini na mbili na ushee. Kuna muhula nilifukuzwa chuo kwa deni dogo kuliko hilo.

Themostati mpya ilinigharimu shilingi 1,500.

Utajuaje lako halipo? Asubuhi gari likiwa limelala baridi, liwashe, kisha gusa ule mpira wa juu wa rejeta kila baada ya muda mfupi. Themostati ikiwepo, mpira utakaa bila joto la maana kwa dakika kadhaa, halafu ghafla utakuwa moto. Isipokuwepo, mpira utapata joto polepole tangu mwanzo. Weka vidole mbali na feni, inaweza kuwaka bila kukupigia hodi. Kama gari lako ni aina ya Vitz au Passo zisizo na mshale wa joto, angalia ile taa ya buluu. Ikichelewa sana kuzima, au ikirudi ukiwa barabara kuu, hapo pana jambo.

Na kabla hujafunga mpya, ipime. Iweke kwenye sufuria ya maji, washa jiko, maji yakikaribia kuchemka unafaa kuiona ikifunguka. Mimi nilitumia sufuria ya chai ya mama. Usitumie sufuria ya chai ya mama.

Lakini ngoja, kwa sababu mzee hakuishia hapo. Aliniuliza huwa natia maji gani. Nikamwambia maji tu, ya kisima, ya bure. Akachomoa mpira, akanionyesha ndani: ukoko mweupe, ule ule unaouona chini ya birika. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa imeziba rejeta na kukwamisha themostati tangu mwanzo. Yaani gari lilichemka kwa sababu yangu, halafu dawa yake ikanila miezi saba. Yule kijana wa gereji nilikuwa nimeshaanza kumchukia, bas, ikabidi nimsamehe.

Tia kulanti. Kama ni ile nzito ya kuchanganya, changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa madukani ya kuongezea betri. Hapa soma kibandiko vizuri, kwa sababu watu wengine huita hata asidi "maji ya betri", na asidi kwenye rejeta ni msiba. Angalia pia kifuniko cha rejeta. Mpira wake ukikauka, presha inatoroka na maji yanachemka mapema. Kifuniko ni bei ya sahani mbili za pilau. Na usikifungue injini ikiwa moto, hata kama abiria wanakuharakisha.

Baada ya joto kuna tairi, na hapa tunajidanganya kwa namna nyingine. Watu hupima presha mchana. Joto likipanda digrii 10, presha hupanda kama PSI 2, kwa hiyo tairi iliyotoka kukimbia kwenye lami ya saa nane itasoma juu, kijana wa pampu atapunguza, na usiku ukiingia unabaki na tairi laini. Tairi laini inakula mafuta na inalika pembeni. Pima alfajiri ukitoka msikitini, gari likiwa halijatembea. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kichwani mwa mtu.

Wanaoenda Dadaab wana ujanja wa kupunguza upepo ili wapite mchanga. Ni ujanja mzuri. Ubaya ni kusahau kuurudisha. Tairi laini, mzigo mzito, mwendo wa 100 kwenye lami ya kwenda Mwingi: hiyo ndiyo inayopasuka. Na ukinunua tairi, tafuta tarakimu nne za mwisho ubavuni. 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kuna "mpya" zinazouzwa hapa Kismayu Road zilizozeeka kabla hazijaguswa na barabara. Kwenye tairi na breki usibane pesa, ni hayo tu.

Kichujio cha hewa: vumbi letu si la Nairobi. Kitabu cha gari kinakuambia usubiri kilomita elfu nyingi, lakini aliyekiandika hajafika Bura. Mimi hukitoa kila Ijumaa nikakikung'uta, na nikipata upepo wa kompresa napuliza kutoka ndani kwenda nje, si kinyume chake, maana kinyume chake unalisindika vumbi.

Kuhusu mafuta yenyewe, hakuna siri kubwa. EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi na bei mpya huanza usiku huo. Tulioishi Oktoba 2023, petroli ilipofika 217.36 Nairobi, na sisi huku tukiongezewa gharama ya lori la kuyaleta, tumejifunza kujaza tangi mchana wa tarehe 14 tukisikia fununu za kupanda. Fununu zikikosea umepoteza kidogo sana. Ya mitungi kando ya barabara siiguswi, hata ikiwa rahisi, kwa sababu sijui imechanganywa na nini na kusafisha nozeli si bei ya mitungi.

Probox sasa imerudi kwenye kilomita 298 kwa lita 20. Zile mbili sijui zimeenda wapi. Abti anasema ni binamu yangu na Jumapili zake.