Mbwa Achechemeaye Hutambuliwa kwa Kichwa Kabla ya Mguu

Katika mitaa ya Kagarama, Niboye na Gatenga, wilayani Kicukiro, nyumba nyingi zenye lango hulindwa na mlinzi wa usiku, na baadhi yake zina mbwa pia. Mlinzi huyo huitwa kwa Kinyarwanda umuzamu, neno lililotokana na zamu ya Kiswahili, na aghalabu ndiye amlishaye mbwa, amfunguaye usiku na kumfunga kunapopambazuka. Mwenye nyumba humwona mnyama wake kwa mbali tu, kutoka barazani au dirishani. Kwa sababu hiyo mbwa aweza kuumwa mguu majuma kadhaa pasipo mtu kufahamu, hadi siku atakapouinua kabisa na kwenda kwa mitatu. Siku hiyo ugonjwa umekwisha kukomaa, au mbwa amekwisha kumng'ata mtoto aliyempapasa mahali panapouma.

Kukaa mbali na mbwa si ukatili wala uvivu. Katika Kinyarwanda, kumwita mtu imbwa ni tusi zito. Tena wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mbwa walioachwa bila wenyewe walikula maiti, na wengi wao walipigwa risasi. Kicukiro inayo sababu yake ya kutosahau. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO, wakiwaacha watu wapatao 2,000 waliokuwa wamekimbilia humo, na wengi wao waliuawa siku hiyohiyo huko Nyanza. Filamu ya mwaka 2005 iliyosimulia habari za shule hiyo ilipewa jina la Shooting Dogs, kwa ajili ya mbwa hao waliopigwa risasi. Mzee aliyeyaona hayo hawezi kulazimishwa kumkanda mbwa miguu. Lakini hana haja ya kumgusa. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa mguu unaouma hufanywa kwa macho, hatua kumi kutoka mbwa alipo.

Kwanza hutakiwa mahali tambarare, pagumu, pasipo utelezi. Mlinzi amshike mbwa kwa kamba iliyolegea, maana kamba iliyokazwa hukizuia kichwa, na kichwa ndicho kinachotafutwa. Amtembeze polepole akienda na kurudi, kisha ampitishe ubavuni kwa mtazamaji. Baada ya hapo amwendeshe kwa matiti, yaani mwendo wa mbio ndogondogo ambao mguu wa mbele wa kushoto hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kulia, kisha jozi ya pili hufuata. Mwendo huu ndio unaofichua zaidi, kwa kuwa pande mbili za mwili hufanya kazi iliyo sawa, na penye upungufu huonekana. Mbio kali hazifai kitu. Jicho la binadamu haliwezi kuzifuata.

Mbwa aliyesimama huweka kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake juu ya miguu ya mbele, na asilimia 40 juu ya ile ya nyuma. Kwa hiyo mguu wa mbele unapouma, mbwa hukitumia kichwa chake kizito kama mchukuzi atumiavyo mzigo: hukiinua juu wakati mguu mbovu unapogusa ardhi, ili kuupunguzia uzito, na hukishusha wakati mguu mzima unapokanyaga. Hapa ndipo wengi hukosea. Huona kichwa kinainama, wakadhani kinainamia maumivu, na mguu mzima ukafungwa bendeji huku ule mbovu ukiendelea kuoza. Kichwa huinamia upande wenye nguvu. Hatua ya mguu mbovu nayo huwa ya haraka, kama ya mtu akanyagaye changarawe ya moto, na ile ya mguu mzima hukawia.

Miguu ya nyuma ina taabu zaidi. Mtazamaji asimame nyuma ya mbwa na kuziangalia nyonga zake zinavyopanda na kushuka. Nyonga ya upande unaouma hupanda na kushuka kupita ya pili. Na kuna mtego ambao yafaa uelezwe taratibu. Mguu wa nyuma wa kulia unapouma, mbwa huinamisha kichwa wakati mguu huo unapokanyaga, ili asukume uzito mbele. Katika matiti mguu huo hukanyaga pamoja na wa mbele wa kushoto. Basi mtu anayeangalia kichwa peke yake ataona kinainama juu ya mguu wa mbele wa kushoto, atakumbuka kanuni iliyotajwa hapo juu, na kusema mgonjwa ni mguu wa mbele wa kulia. Kumbe ugonjwa uko nyuma. Asikate shauri kabla hajazitazama nyonga.

Mbwa anayeumwa miguu yote miwili ya nyuma huenda asionekane akichechemea, kwa kuwa hana mguu wa kuuegemea. Hili huwapata sana mbwa wakubwa wa aina ya German Shepherd, ambao baadhi yao hupata kasoro ya kiungo cha nyonga kadiri wanavyokua. Mbwa wa namna hiyo hupiga hatua fupi, huinuka kwa shida asubuhi, huruka kwa miguu miwili pamoja kama sungura, na husita mbele ya ngazi. Watu husema amezeeka au amekuwa mvivu, hata kama ana miaka miwili tu.

Vilima vya Kicukiro navyo ni msaada ambao wakazi wa nchi tambarare hawana. Anapopanda mteremko, mbwa huhamishia uzito nyuma. Anaposhuka, huuhamishia mbele. Achechemeaye zaidi akipanda na ashukiwe miguu ya nyuma, na achechemeaye zaidi akishuka ashukiwe ya mbele. Usiku, wakati hakuna kinachoonekana, sakafu ya saruji husema: kucha za mbwa mzima hugonga kwa mapigo yaliyo sawa, na za mbwa mgonjwa hukatiza. Kucha za mguu asioutumia vema huwa ndefu kuliko za miguu mingine, kwa kuwa hazisuguliwi na ardhi.

Ni kweli kwamba jicho lina mpaka wake. Wataalamu waliolinganisha macho ya watazamaji na bamba la kupimia uzito wa kila hatua waliona kwamba kuchechemea kidogo humpita hata mtu aliyezoea. Tena mbwa wengi hujikaza wafikapo mbele ya mgeni, na daktari akaonyeshwa mnyama anayetembea vizuri. Dawa ya hilo ni simu ya mkononi. Mbwa apigwe picha za video nyumbani, asubuhi anapoamka, kutoka mbele, nyuma na ubavuni, kisha daktari wa mifugo azitazame kwa mwendo wa polepole.

Sababu zenyewe ni nyingi, na uchunguzi uanze chini: kipande cha chupa, mwiba, funza katikati ya vidole, kucha iliyopasuka. Kupe wa mbwa huleta homa inayovimbisha viungo, na maumivu yakaonekana leo mguu huu, kesho ule. Jambo moja lisifanywe kabisa, nalo ni kumpa mbwa paracetamol au ibuprofen kutoka kabati la nyumbani. Dawa hizo zaweza kumuharibu ini, tumbo au figo.

Imebaki hali moja ambayo haimpasi mtu yeyote kumkaribia mbwa. Mnyama mwenye maumivu hukanyaga kwa uangalifu, na kuchechemea kwake kuna mpangilio. Mwenye kupooza huburuta mguu, husugua mgongo wa vidole ardhini, hupepesuka kama mlevi, na miguu ya nyuma hupishana. Ikiwa pamoja na hayo taya limelegea, mate yanadondoka na sauti imebadilika, huenda huo ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao dalili zake zikishajitokeza karibu hauna uponyaji kwa mbwa wala kwa binadamu. Lango lifungwe, watoto waondolewe, na daktari wa mifugo wa tarafa aitwe mara moja. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, na afike hospitali siku hiyohiyo kuanza sindano. Mbwa aliyeng'ata mtu naye, ikiwa yu hai na aonekana mzima, hufungwa peke yake na kuangaliwa kwa siku 10.